Kamera 8, picha 14,000 za nyasi: mbona chui haonekani?

SWALI: Hujambo mtaalamu. Sisi ni maskauti wa jamii upande wa Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Tulipewa kamera 8 za kutega, zinazopiga picha zenyewe kitu kikipita, ili tujue kama kuna chui anayepita kwenye ardhi yetu, kwa maana mbuzi wamechukuliwa mara kadhaa na nyayo tumeziona. Tumezifunga kwa siku 21: tatu kando ya bwawa la ng'ombe, tatu kwenye nguzo za ua na mbili kwenye korongo. Tumepata picha zaidi ya 14,000, karibu zote za nyasi, ng'ombe na vivuli. Fisi wawili watatu, sungura, lakini chui hakuna hata mmoja. Tatizo ni kamera au ni sisi?
Skauti, Kitengela

JIBU: Kamera ni nzima. Kamera iliyokufa haipigi picha 14,000. Shida ni mahali mlipozifunga, kimo chake na upande zinaotazama, na yote hayo yanarekebishika kwa panga, dira na siku moja ya kutembea.

Ila kabla hamjagusa chochote, fungueni picha ya mwisho kabisa ya kila kamera mtazame tarehe. Nabashiri mtakuta kamera moja au mbili za kwenye ua zilizima siku ya nane au ya tisa, kadi imejaa au betri zimekwisha kwa kupiga picha nyasi zikipepea. Usiku uliofuata, hata chui angekuja kujilaza mbele yake, hakuna kitu. Kwa hiyo msiandike kwenye ripoti kwamba kamera 8 kwa siku 21 ni usiku 168. Hesabuni usiku ambao kila kamera ilikuwa hai, mjumlishe hizo.

Sasa, kwa nini nyasi? Ndani ya kamera hizi mna kihisi kidogo kinachopokea joto. Mbele yake kuna lenzi ya plastiki iliyogawanywa vipande, kila kipande kinatazama eneo lake. Kitu chenye joto tofauti na mandhari iliyo nyuma yake kikihama kutoka eneo moja hadi jingine, kamera inaamka. Haijui chui ni nini. Saa saba mchana, shina la nyasi lililochomwa na jua likiyumba mbele ya kivuli chenye ubaridi, kihisi kinaona mnyama anapita. Na balaa lina upande wa pili: ardhi ikifika joto la nyuzi 35 hivi, manyoya ya mnyama na udongo vinakaribia kulingana, basi mnyama anakatiza na kamera imelala fofofo. Usiku wa Julai, udongo ukiwa umepoa, kihisi kinafanya kazi vizuri sana. Bahati yenu ni kwamba chui anayeishi karibu na watu hutembea zaidi usiku.

Kutokana na hayo yanafuata mambo mawili. La kwanza, kamera itazame kaskazini au kusini. Hapa tuko karibu na ikweta, jua linachomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi mwaka mzima. Kamera inayotazama mashariki inaangaliana na jua asubuhi nzima, na picha zake ni weupe mtupu. La pili, mnyama akatize mbele ya kamera, asiijie uso kwa uso. Anayekuja moja kwa moja havuki maeneo ya kihisi mpaka awe karibu kabisa, ndipo mnaletewa picha ya pua. Mkiwa na kamera moja kwenye njia, ipindeni kidogo ili imwone mnyama kwa muda mrefu zaidi akipita. Kamera zinazochelewa kupiga kwa zaidi ya sekunde moja baada ya kuamka zitawapa mkia tu, hata mkizipanga vipi.

Mahali ndipo penye jibu lenyewe. Bwawani mmepata ng'ombe kwa sababu bwawa ni la ng'ombe. Kwenye nguzo za ua mmepata vivuli na waya unaotikisika. Upande wa kusini wa mbuga hauna ua, ndiyo sababu wanyama hutoka na kuingia huko, lakini chui si nyumbu wa kutembea katikati ya uwanda. Hufuata kificho: makorongo yenye vichaka, kingo za mito ya msimu, sehemu mbuga inapopakana na Mto Mbagathi. Pia hupenda njia rahisi, na usiku njia rahisi ni ileile mliyoifungua nyinyi na mifugo yenu. Tembeeni kwenye makorongo mtafute mahali njia mbili zinakutana, au ukingo wa mchanga ambapo njia inabanwa kati ya mwamba na kichaka. Hapo fungeni kamera, hata kama mchana ni njia ya mbuzi. Hesabuni peke yao fisi na sungura walionaswa na kamera zenu mbili za korongoni. Sitashangaa mkikuta wanyama pori karibu wote walitoka kwazo.

Kimo: sentimita 40 hadi 50 kutoka chini, umbali wa mita 3 au 4 kutoka katikati ya njia. Wengi hufunga kifuani pa mtu kwa sababu ndipo mkono unapofika bila kuinama, kisha kamera inapita juu ya mgongo wa chui na kuhesabu mawingu. Mkitaka kuona wanyama wadogo kama digidigi au kanu, shusheni hadi 30. Pofu mtampata miguu tu, na miguu inatosha kumtambua.

Pasipo mti mnene, chimbieni chuma chenye umbo la L hadi sentimita 60 ardhini na mshindilie mawe. Kijiti kilichochomekwa tu kitaegemewa na ng'ombe siku ya pili. Kisha fyekeni nyasi mbele, umbo la pembetatu, kutoka kwenye kamera hadi mita 5, zibaki fupi kama kifundo cha mguu. Ondoeni matawi yanayoning'inia juu pia. Msifyeke hadi pakawa uwanja wa mpira, mnyama atazunguka. Wakati wa masika rudini kila baada ya wiki mbili na panga, kwa kuwa nyasi za Aprili hazisubiri mtu.

Mkishafunga, washeni hali ya majaribio na mmoja wenu apite kwa miguu minne. Nasema kwa dhati: magoti na viganja chini, polepole, kwenye njia yenyewe, huku mwenzake akitazama taa ndogo ya kamera. Isipowaka anapofika katikati, kamera iko juu mno au imeelekea pembeni. Wekeni kijiwe nyuma yake kuiinamisha, mjaribu tena. Ni dakika tano za kuchekwa na wachungaji, na zinaokoa wiki tatu.

Mipangilio: picha 3 mfululizo kila inapoamka, muda mfupi kabisa wa kusubiri, unyeti (wepesi wa kamera kuamka) wa kati. Msivutiwe na namba kubwa za megapikseli kwenye boksi. Kamera nyingi hukuza tu picha ndogo kwa programu, na faili nzito hula kadi. Megapikseli 5 hadi 8 zinatosha. Betri ziwe mpya zote na za aina moja. Betri za alkalini hushuka nguvu pole kwa pole, na flashi ya usiku ndiyo huumia kwanza: picha za mchana safi, za usiku giza tupu kuanzia mita 4. Za lithiamu ni ghali lakini hubaki imara hadi karibu na mwisho. Kadi za memori za bei ya kutupa mzipime kwanza kwa programu kama H2testw. Ziko zinazojiita GB 64 ilhali ndani ni 8, zikijaa zinaandika juu ya picha za zamani au zinaharibu faili. Kadi iformatini ndani ya kamera yenyewe.

Saa ina mtego wake kwa sisi tunaosema Kiswahili. Mtu anaambiwa "weka saa tatu usiku", anabonyeza 03:00. Saa tatu usiku ni 21:00. Kosa hilo la saa sita linampeleka fisi matembezini mchana na linamlaza kuku usiku wa manane. Pia kamera nyingi hutanguliza mwezi kabla ya siku, basi tarehe 7 Machi inageuka 3 Julai. Dawa ni nyepesi: kamera ikiwashwa, ishikieni simu mbele ionyeshe saa na tarehe, ipige picha. Fanyeni hivyo tena siku ya kuitoa. Kosa likigunduliwa baadaye mtarekebisha picha zote kwa tofauti ileile.

Wadudu na fisi nao wana neno. Buibui akitanda uzi mbele ya lenzi, uzi huo usiku unawaka kama kamba nyeupe na kila upepo ni picha. Sisimizi hujenga ndani ya boksi. Futeni kwa kitambaa kikavu, msipulizie dawa ya wadudu: harufu inakaa, na baadhi ya dawa za kujipaka za mbu huyeyusha plastiki. Fisi hutafuna kamera yenye harufu ya mikono iliyokula nyama choma, kwa hiyo nawieni kabla, na boksi la chuma lenye kufuli halina mbadala.

Kuhusu kumhesabu chui, kamera 8 hazitoshi, tusidanganyane. Madoa ya ubavu wa kulia na wa kushoto hayafanani, kwa hiyo kumtambua chui mmoja mmoja kunahitaji kamera mbili zinazotazamana njiani, zikipishana mita moja hivi ili flashi zisichomane. Kamera 8 ni vituo 4. Vituo vinne havisemi chui ni wangapi, lakini vinaweza kujibu swali lenu: yupo au hayupo, na anapita saa ngapi. Kwa swali hilo msizipange mbilimbili; tandazeni vituo 8 kwenye makorongo na njia panda.

Na mpe muda. Tuseme, kwa mfano tu, kituo kizuri kina nafasi ya asilimia 5 kumnasa kila usiku. Uwezekano wa kumkosa usiku 21 mfululizo ni kama asilimia 34, yaani mara moja katika tatu unaondoka mikono mitupu na chui yupo. Ukiiacha kamera usiku 45, uwezekano huo unashuka hadi kama asilimia 10. Nafasi ikiwa asilimia 2, siku 21 zinakukosesha mara 65 katika 100. Kwa hiyo "hatukumwona" ya siku 21 msiipeleke kwenye baraza kama "hayupo".

Kinyume chake, picha 60 za fisi si fisi 60. Mmoja akisimama kunusa boksi kwa dakika kumi anatosha kuzijaza. Desturi ni kuhesabu picha za aina moja katika kituo kimoja ndani ya dakika 30 kama tukio moja, kisha mseme matukio kwa kila usiku 100 wa kamera. Kuhusu lile lundo la 14,000, msilipitie kwa macho. MegaDetector ni programu ya bure inayotenga picha tupu na zile zenye mnyama, mtu au gari. Haitaji aina ya mnyama, hiyo kazi ni yenu, na kompyuta ya kawaida itakesha ikisaga, lakini asubuhi mtakuwa na picha chache za kutazama. Pitieni na sampuli ya zile ilizoziita tupu, hasa za usiku. Mnyama mdogo aliye mbali huponyoka.

Kamera za njiani zitanasa watu, wengi wao akina mama wa kuni na wachungaji. Mwelezeni mwenye ardhi na wazee kabla, wekeni kibao, na picha za watu zifutwe zisizunguke kwenye WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata nyinyi. Mkinasa mtu mwenye mtego wa waya au silaha, hiyo ni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, moja kwa moja, bila kupitia kundi lolote. Picha ya chui mkiichapisha, ondoeni kwanza viwianishi vya mahali. Na kazi hii ikigeuka utafiti wa kuchapishwa, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Naivasha, WRTI, vitangulie.

Mwisho, hizo nyayo. Kabla ya kuhamisha kamera, zitafuteni tena asubuhi, wekeni rula kando mpige picha kutoka juu kabisa. Fisi na mbwa huacha alama za kucha. Chui hurudisha kucha ndani, isipokuwa kwenye tope la kuteleza. Tazameni kisigino: cha paka wote kina mawimbi matatu kwa nyuma, cha mbwa mawili. Mkiona kucha nne mbele ya vidole kwenye udongo mkavu, aliyechukua mbuzi huenda mmekwisha kumpiga picha tayari.