Mzee kaambiwa ana presha ya macho lakini haumwi: asiache matone

Mkuu, pole sana na Mzee. Umeuliza kama baba yako wa miaka 58 aache matone kwa kuwa haoni tofauti yoyote, kama ipo operesheni ya kumrudishia uoni, na kama ninyi watoto mko hatarini. Mama yangu ana glakoma, ndio ugonjwa huohuo tunaouita presha ya macho, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyajua.

Asiache kabisa. Matone hayo hayakutolewa ili aone vizuri zaidi. Kazi yake ni kushusha presha ya jicho ili mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo usiendelee kufa. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa usiku na mchana, na yana njia yake ya kutokea. Njia ikiziba polepole, presha inapanda. Kawaida inacheza kati ya 10 na 21. Mzee amekutwa na 30. Hii si presha ya damu. Mama BP yake ilikuwa safi siku ileile alipoambiwa macho yana presha. Na wapo ambao presha ya jicho iko kawaida lakini mshipa unakufa, ndiyo maana kupimwa presha tu hakutoshi. Daktari lazima aumulike mshipa wenyewe kule nyuma ya jicho.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hauumi na unaanzia pembeni. Mama alikuwa anasoma meseji kwenye simu bila shida, huku akigonga bega kwenye fremu ya mlango na kuangusha kikombe kilichokaa kushoto kwake. Sokoni alilalamika watu wanamtokea ghafla. Jicho moja likipungukiwa, jingine linafidia, kwa hiyo mtu anaweza kuishi hivyo miaka. Kwenye kipimo cha uwanja wa kuona unatazama katikati tu na kubonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga. Karatasi yake ilitoka na weusi mpana upande ambao yeye aliamini anaona.

Uoni uliopotea haurudi, si kwa leza wala kwa kisu. Wanaokuambia "shangazi alipasuliwa akaona" mara nyingi wanazungumzia mtoto wa jicho, ambao ni ugonjwa mwingine. Operesheni ya glakoma inafungua njia mpya ya maji kutoka, basi, ili kilichobaki kibaki. Na mitishamba, asali au maziwa ya mama msimtie machoni, yanaweza kumletea vidonda kwenye kioo cha jicho.

Kwenye matone, namna ya kuweka ni nusu ya tiba. Mama anatumia latanoprost, mara moja kila jioni, na tumeifunga kwenye taarifa ya habari ya saa mbili: ikianza tu, analala chali, anavuta kope ya chini, tone moja. Kisha anafumba na kubana kwa kidole kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili hivi, dawa isikimbilie kooni. Akiwa na aina mbili, aache dakika 5 katikati, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza.

Kama tatizo ni gharama au kusahau, muulizie leza, yaani mwanga maalumu unaopigwa ndani ya jicho ili maji yatoke vizuri. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa 2021 uliilinganisha na matone ya timolol: baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa macho 61 katika kila 100, timolol 31. Haina kulazwa. Bado atarudi kliniki, maana nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda.

Sasa ninyi. Nendeni mkapimwe wote, na wadogo zake Mzee pia. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma yuko hatarini zaidi, na sisi Waafrika hutupata mapema na kwa ukali. Kule Kongwa, Dodoma, walipopima watu wa miaka 40 na zaidi vijijini, walikuta zaidi ya 4 katika kila 100 wanayo. Wenye miwani mikali ya kuona mbali na waliowahi kuumia jicho nao wasichelewe.

Jambo linaloniuma zaidi ni matone yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho), kama deksamethasoni, yanayouzwa duka la dawa kwa kila jicho jekundu. Mtoto mwenye mzio wa macho anawekewa miezi na miezi kwa sababu muwasho unakata, kumbe presha inapanda kimyakimya. Msiyanunue bila daktari.

Ipo na aina ya ghafla: jicho linauma vibaya, jekundu, kichwa, kutapika, taa zinaonekana zimezungukwa na duara za rangi. Hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Leo angalia chupa ya Mzee. Kama imeandikwa timolol na ana pumu, au mapigo ya moyo wake huwa ya chini, mpigie daktari kabla ya tone linalofuata ili abadilishiwe. Dawa nyingine zipo.