Schubert alitungia sinagogi?

SWALI: Jamani, mimi naimba kwaya, kuna mwenzetu kasema eti Schubert, yule mtunzi wa muziki, alitunga zaburi kwa Kiebrania ya kuimbwa kwenye sinagogi la Vienna, na haina kinanda kabisa. Ni kweli? Na kwa nini hawakupiga kinanda wakati makanisa ya pale yalikuwa nacho? Lile sinagogi bado lipo?

JIBU: Mwenzenu kasema kweli tupu. Ni Zaburi ya 92, ile ya siku ya Sabato, Schubert aliitunga mwaka 1828, mwaka uleule aliofariki. Aliitunga kwa ajili ya Salomon Sulzer, kantori yaani yule anayeongoza sala kwa kuimba, wa sinagogi la Stadttempel. Sulzer aliitwa Vienna mwaka 1826, ndo sinagogi linafunguliwa, kijana wa miaka 22 tu, na sauti yake ilikuwa si ya kawaida, hata wasio Wayahudi walikuwa wanaenda kumsikiliza, Franz Liszt, mpiga piano na mtunzi maarufu, naye alienda akatoka ameguswa mno.

Kuhusu kinanda, sheria ya Kiyahudi inakataza kupiga ala siku ya Sabato, halafu kuna ile huzuni ya Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa na Warumi mwaka 70. Berlin wao waliweka kinanda kwenye sinagogi la Neue Synagoge lililofunguliwa 1866, na suala hilo liligombanisha sana Wayahudi wa Ujerumani. Vienna, Sulzer na mhubiri Isaac Noah Mannheimer walibaki na Kiebrania na sauti za watu tu, wanaume na wavulana, ila kwaya ikapangwa vizuri kwa sauti nne. Sulzer hakutupa nyimbo za zamani, alizisafisha akazichapisha kwenye Schir Zion, kitabu chake cha nyimbo za sinagogi, na mimi hapo ndo namheshimu zaidi, maana kufuta yote aanze upya ingekuwa rahisi kwake.

Jengo lipo na watu wanasali mpaka leo. Zamani sheria ilikataza nyumba za ibada zisizo za Kikatoliki kuonekana barabarani, kwa hiyo lilifichwa katikati ya nyumba za kupanga, na Novemba 1938 Wanazi walipochoma masinagogi ya Vienna hili waliliharibu ndani lakini hawakulichoma, moto ungekula nyumba za jirani. Mengine karibu yote yaliteketea, na Wayahudi zaidi ya 65,000 wa Austria waliuawa.

Mkitaka kuijaribu, tafuteni baritoni (mwanaume mwenye sauti ya kati) mzuri wa kuimba peke yake na muanze na matamshi ya Kiebrania kabla ya noti.