Barabara tulivu za Ufaransa: soma namba kabla hujapiga pedali

Nyumbani wakisikia naendesha baiskeli Ufaransa wanafikiria zile za kwenye TV, milima ya Alps na watu wamevaa manyoya wanakimbia pembeni ya waendeshaji. Hapana aisee. Mi nakaa Limoges, mji wa katikati ya Ufaransa, huu mwaka wa sita, na Jumamosi zangu nyingi naishia kwenye vibarabara ambavyo unaweza kwenda saa zima ukakutana na trekta moja, gari ya posta na ng'ombe wekundu wa Limousin wanakuangalia kama unadaiwa. Nimekulia Shinyanga mimi, kule baiskeli ndo inabeba mkaa, maji, mgonjwa na bibi harusi, ila ukiwa barabara kuu ukisikia lori la Isaka linakuja nyuma unajitupa mwenyewe mtaroni kabla halijafika. Sasa mtu aliyetoka huko barabara isiyo na magari anaithamini kuliko mandhari yoyote, na hiyo ndo nataka kuwaelekeza namna ya kuipata, maana nlipofika nliikosa karibu mwaka mzima na zilikuwa zimenizunguka.

Kosa langu lilikuwa herufi, ile inayotangulia namba ya kila barabara huku. Nliambiwa A usiguse, hiyo ni njia ya magari tu baiskeli marufuku, N, za taifa, kaa nazo mbali, D, za majimbo, ndo zetu. Sawa. Nikafungua programu ya ramani kwenye simu, nikaandika Bourganeuf, kimji cha mashariki yetu, ikanipa D941, nikaona D nikafurahi nikaondoka. Jamani. Lori za magogo, lori za maziwa, magari ya watu wanaowahi kazini, mi nimekaba usukani kama nimeshika nyoka. Baadae sana ndo mzee mmoja wa klabu ya baiskeli akanifafanulia: hiyo zamani ilikuwa N141, barabara ya taifa ya kwenda mpaka Clermont-Ferrand, serikali kuu ikaikabidhi kwa serikali za majimbo, herufi ikabadilika, lori hazikubadilika. Ziko nyingi za hivyo nchi nzima. Kwa hiyo D yenye namba ya mia tisa na kitu ishuku kwanza mpaka ujue historia yake, na D zenye namba ndogo kabisa, D1, D2, D3, mara nyingi nazo ndo njia kubwa za hilo jimbo. Unazozitaka ni zile za katikati zisizo na sifa yoyote, au zenye herufi imebandikwa nyuma kama A au B, yaani vitawi. Na chini ya hizo kuna za C, za kijiji chenyewe, hizo ukiona majani yameota katikati ya lami basi umefika.

Programu nyingi za ramani za simu haziyajui haya, zenyewe zinakupa njia fupi. Ndo maana mi bado nanunua ramani ya karatasi ya Michelin. Barabara nyekundu ni kubwa, njano za kati, nyeupe ndo ndogo. Napanga safari nyeupe kwa nyeupe, njano naigusa pale ninapokosa daraja la kuvukia mto. Kuna barabara zimechorwa mstari wa kijani pembeni, maana yake ni njia yenye mandhari nzuri, wageni wanazikimbilia, ila Jumapili ya jua hizo hizo ndo wanapita watu wa pikipiki kubwa makundi kwa makundi pamoja na yale magari ya kulala ndani. Utulivu hakuna. Halafu angalia vile vimshale vidogo juu ya barabara: kimoja ni mlima wa kawaida, viwili ni kuanzia asilimia 9, vitatu ni zaidi ya 13 na hapo utashuka usukume, usione aibu, mi nasukuma.

Jambo la pili ni saa. Wafaransa wa vijijini saa sita mchana wanakula, na wanakula kweli. Kengele ya kanisa ikilia mchana barabara zinakauka kabisa mpaka saa nane, hata ile D iliyokutisha asubuhi unaweza kuivuka kwa amani. Mimi naupanga mchana wangu hapo, kipande kibaya cha njia nakiweka saa sita na nusu. Ubaya wake ni kwamba maduka nayo yamefungwa saa hizo hizo, na Jumapili mchana ndo usitegemee kitu, Jumatatu bekari nyingi zimelala. Mara ya kwanza nlipita vijiji vinne nimeshika euro kumi mkononi hakuna wa kumpa. Siku hizi natembea na chapati mbili nimezipaka siagi ya karanga nikazikunja, na vijiji vingine utakuta mashine ya kutoa mikate, unaweka sarafu mkate unatoka, hiyo imeniokoa zaidi ya mara moja.

Maji yako makaburini. Najua, na mimi nlisita, kwetu mtu haendi makaburini kuchota maji ya kunywa. Ila huku karibu kila eneo la makaburi lina bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wanajua. Wewe soma tu kibao, kikiandikwa "non potable" jaza ya kumwagia kichwani tu, usinywe. Na ukiingia bar ya kijijini kuomba maji, kabla hujasema lolote sema bonjour, ukianza na shida zako bila salamu utaangaliwa vibaya hadi utoke. Kwa hili wanafanana na sisi.

Sasa njia yenyewe. Ninayoipenda kuliko zote ni ya kupanda kwenye Plateau de Millevaches, nyanda za juu mashariki ya Limoges. Chukua treni ya TER, zile za mkoa, kutoka Limoges ushuke Saint-Léonard-de-Noblat, baiskeli inapanda humo humo na wewe. Huo ndo mji aliokuwa anakaa Raymond Poulidor mpaka alipofariki Novemba 2019, yule aliyemaliza kwenye tatu bora za mashindano ya Tour de France mara 8 na hakuwahi kuvaa jezi ya njano, ya anayeongoza, hata siku moja, wazee wa huku wanamuongelea kama shemeji yao. Toka hapo kwa barabara nyeupe mpaka Peyrat-le-Château, halafu ziwa la Vassivière, ni ziwa la kutengenezwa, bwawa la umeme la mwaka 1950, ila msitu umelizunguka huwezi kujua. Julai na Agosti ufukwe unajaa familia, pita tu. Ukishapita Royère-de-Vassivière ndo dunia inanyamaza. Kunakuwa kupanda na kushuka bila kupumzika, milima mifupi mifupi inayochosha kuliko mmoja mrefu, kwa hiyo gia ndogo usiende bila, na tairi mi natumia za milimita 32, hizi nyembamba zitakutoa machozi.

Gentioux simama. Kuna mnara wa vita ya kwanza ya dunia, sanamu ya mtoto yatima, kofia mkononi, ngumi ameinyoosha kwenye maandishi yaliyo chini ya majina ya waliokufa: vita ilaaniwe. Minara mingi ya vijiji ni ya kusifu ushujaa. Nlikaa pale na chapati yangu nusu saa, hakuna gari iliyopita.

Tahadhari sasa, kwa haraka. Millevaches ni nchi ya misonobari na magogo yanakatwa siku za kazi, lori la magogo halibagui barabara nyeupe, kwa hiyo kule nenda wikendi. Ila kuanzia Septemba hadi Februari mwishoni wikendi ndo wawindaji wako msituni, ukiona kibao cha "chasse en cours" vaa kitu cha rangi kali, pita ukiongea kwa sauti, mi huwa naimba. Ukiona kibao cha "gravillons" punguza mwendo, wamemwaga kokoto juu ya lami mpya na kwenye kona utalala, nina kovu la kiwiko. Na ndani ya vijiji ile sheria ya kulia bado ipo, kichochoro kisicho na alama yoyote kikitokea kulia kwako anayetoka humo ndo ana haki, hata kama ni bibi na trekta lake. Madereva wenyewe sitawalaumu, sheria inawataka wakuachie mita moja na nusu nje ya mji na wengi wanaacha, wengine wanasubiri nyuma yako mlima mzima mpaka unaona haya.

Na utasalimiwa. Pale Peyrat wazee wawili nje ya bar waliniona napita wakasimama na glasi zao wakaanza kupiga kelele "Girmay! Girmay!", yule Mueritrea aliyechukua jezi ya kijani, ya mshindi wa pointi, ya Tour mwaka 2024. Mi na tumbo langu hili. Nikasimama kwenye pedali nikakimbiza mpaka kona, nilipopotea machoni nikashuka kutapika.

Kurudi, shukia Eymoutiers ukapande treni. Treni za pale kwa siku ni chache mno, ratiba iangalie kabla hujatoka nyumbani, usije ukakuta mtandao umekata huko juu, na huwa unakata. Ukiikosa ya mwisho, njia ya kurudi Saint-Léonard inafuata bonde la mto Vienne, nzuri, mteremko mwingi, ila mji wenyewe umekaa juu ya kilima, kwa hiyo bakiza miguu.