Kuhamia nchi rahisi ili ulipe deni la chuo: maswali yenu leo

Maswali ya mikopo ya chuo ya Marekani yamejaa kweli, wengi mnawaza jambo moja: ukitoka ukaenda kuishi nchi ambayo maisha yake ni nafuu, deni litaisha haraka? Nimechukua machache yanayogusa wengi.

Nadaiwa dola elfu 30, mkopo wa serikali. Jamaa ananiambia nikikaa nje miaka saba deni linajifuta. Kweli?

Halijifuti kaka. Hiyo miaka saba ni ya rekodi mbaya kutoka kwenye historia yako ya mikopo, deni lenyewe lipo palepale, na mikopo ya serikali tangu 1991 haina tena ukomo wa muda wa kudaiwa. Ukipitisha siku 270 hujalipa unahesabiwa umeshindwa mkopo, hapo serikali inaweza kuzuia marejesho yako ya kodi, na ukirudi ukapata kazi wana uwezo wa kukata hadi asilimia 15 ya mshahara bila kwenda mahakamani. Kama ni mkopo wa benki ndo mbaya zaidi maana watamwandama aliyekudhamini, na tunajua mara nyingi huyo ni mama au mjomba.

Nataka kwenda Korea Kusini kufundisha Kiingereza, nasikia nyumba ni bure. Nina digrii na grinikadi. Nitasevu?

Mdogo wangu, kabla ya kusevu tuangalie paspoti yako. Viza ya walimu wa lugha kule, E-2, kwa kawaida wanapewa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Grinikadi ni kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, siyo uraia. Halafu ukikaa nje zaidi ya mwaka bila kuomba kibali cha kurudi mapema unaweza kuipoteza hiyo kadi yenyewe, yaani utakuwa umelipa deni kwa grinikadi, biashara gani hiyo. Kama uraia uko karibu subiri uapishwe kwanza.

Kwa wenye paspoti ya Marekani, hapo pana hela kweli. Mwajiri mara nyingi anatoa nyumba, bima ya afya mnachangia nusu kwa nusu, ukimaliza mwaka sheria inakupa kiinua mgongo cha kama mshahara wa mwezi mmoja, na ukiondoka michango yako ya pensheni unarudishiwa kwa mkupuo, Wamarekani wana haki hiyo. Ila anza karatasi mapema, digrii na cheti cha FBI cha kwamba huna makosa lazima vigongwe apostili, ule muhuri wa kuthibitisha hati ikubalike nchi nyingine, na inaweza kula miezi.

Sasa mbona wengine wanarudi na deni lilelile? Kwa sababu nchi rahisi hailipi deni, kinacholipa ni ile tofauti kati ya ulichopata na ulichotumia, na ile tofauti inaliwa na tiketi za ndege za wikendi, Japani si ipo hapo tu, mwezi ujao Thailand, picha nzuri sana. Hela ya deni itoke siku ya mshahara kabla hujaanza kuishi. Na kumbuka mshahara ni won, hela ya Korea, deni ni dola, won ikishuka unatuma kilekile na kinafika kidogo, kwa hiyo usipige bajeti ya kubana mpaka senti ya mwisho.

Nimeambiwa nikiwa nje naweza kulipa dola sifuri kwa mwezi na ni halali. Kuna mtego?

Ni halali kabisa, na mtego upo. Iko hivi: mlipa kodi wa Marekani anayekaa nje siku 330 kamili ndani ya miezi 12 anaweza kujaza Fomu 2555 akaondoa kipato cha kazi alichopata nje kwenye hesabu ya kodi, kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa hadi dola 130,000. Malipo ya IBR, mpango wa kulipa mkopo wa serikali kulingana na kipato, yanapigwa kwa kipato kile kilichobaki kwenye fomu ya kodi, kikiwa sifuri nawe unalipa sifuri. Mpango mpya wa RAP, nao wa kulipa kulingana na kipato, unaoanza Julai 2026 wenyewe una kima cha chini cha dola 10, na watakaochukua mkopo mpya kuanzia hapo IBR hawaipati.

Ila sifuri siyo kulipa jamani. Dola elfu 30 kwa riba ya asilimia 6 inazaa 1,800 kwa mwaka, mia na hamsini kila mwezi wewe umelala. Msamaha wa IBR unakuja baada ya miaka 20 au 25, na kuanzia 2026 kiasi kilichosamehewa kinaweza kutozwa kodi ya serikali kuu. Mimi sifuri naiona kama mwavuli wa mwezi mbaya, umeachishwa kazi, umeugua, basi. Mwenye deni la laki na zaidi na mshahara mdogo hesabu yake ni nyingine, huyo simlaumu.

Kufundisha shule ya nje kunahesabika kwenye msamaha wa watumishi wa umma?

Hapana. Msamaha huo unataka malipo 120 ya kila mwezi, na yanahesabika ukiwa umeajiriwa na serikali ya Marekani au shirika lisilo la faida lililosajiliwa kule, hata kama kituo cha kazi kipo nje. Shule ya serikali ya nchi nyingine haimo.

Mi nafanya kazi onlaini kwa kujitegemea, si nihame tu popote?

Ile Fomu 2555 haikuokoi na kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3 iko palepale. Viza ya utalii nayo sehemu nyingi siyo ya kufanyia kazi. Na akaunti zako za nje zikifika jumla zaidi ya dola 10,000 hata kwa siku moja, kuna FBAR ya kujaza, taarifa ya akaunti za nje kwa serikali ya Marekani, faini yake siyo ya mchezo.

Nitume malipo kila mwezi au nikusanye nitume mara moja?

Riba inahesabiwa kila siku dada, tuma kila mwezi, labda ada ya kutuma iwe kubwa sana ndo ukusanye miezi miwili. Ukilipa zaidi ya kinachotakiwa waandikie kwamba ziada iende kwenye mkopo wenye riba kubwa, usipowaambia wanaweza kuigawa kote na kusogeza tu tarehe yako ya malipo mbele. Na usiue namba yako ya simu ya Marekani. Mimi niliiacha ikafa, benki ikawa inatuma namba za siri za kuingilia kwenye akaunti kupitia laini ambayo haipo, wiki tatu nina hela na siwezi kulipa.