Roboti ya plastiki ya 1980: si mbovu, inataka gundi

Mdogo wangu, unauliza kama ile seti ya vipande vya kuunga ya Gundam, roboti wa katuni za Kijapani, ya kampuni ya Bandai, kipimo cha 1/144 (yaani ndogo mara 144 kuliko roboti wa kwenye hadithi), toleo la 1980, ni mbovu kwa sababu vipande havishikani. Si mbovu hata kidogo. Seti za wakati ule zilitengenezwa ziungwe kwa gundi. Hizi za kubana kwa vidole tu zilikuja baadaye. Wala usiogope kuharibu hazina: imetolewa upya mara nyingi, ijenge. Magoti hayatakunjika sana, basi usiipime kwa roboti za leo. Tazama umbo la kichwa na mabega, bado linavutia kweli.

Osha vipande kwa sabuni kwanza. Tafuta gundi inayoyeyusha plastiki; ya viatu itakuachia makovu. Paka kingo zote mbili za mkono, bana mpaka plastiki laini itokeze kwenye mshono kama uzi mwembamba, iache siku mbili, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 400, halafu 800. Mstari unapotea kabisa! Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Rangi paka baada ya mvua, vumbi jeusi la Goma likiwa limetulia, na ufunike kwa beseni mpaka ikauke.