Trauti mwenye nyama ya rangi ya chungwa

Ndugu, umesema mmevua trauti wawili mto mmoja, mmoja nyama nyeupe, mwenzake ya chungwa kama karoti, na nyumbani wamegoma kumpika. Rangi hiyo si ugonjwa. Inatokana na chakula: viumbe vidogo vya majini vya jamii ya kamba vina rangi iitwayo astaksanthini, na trauti akivila kwa wingi rangi hujikusanya kwenye misuli. Mimi huyo wa chungwa ndiye ningemwanza!

Angalia rangi ilivyokaa. Ikienea sawasawa, tulia. Ukijani wa manjano karibu na tumbo maana yake ulipasua nyongo wakati wa kumtumbua. Kata hapo, ni uchungu tu. Wekundu wa damu upande mmoja ni mavilio, labda alijigonga kwenye mawe. Sasa, ukikuta vivimbe vya njano kama punje za mtama, ukakitoboa kimoja kwa ncha ya kisu na kitu kikajipinda, hao ni minyoo. Wanakufa samaki akiiva kabisa, hadi nyama iachane na mfupa. Akinuka vibaya au ana vidonda vyenye usaha, mfukie, usimrudishe majini.