Tabaka la Tatu lilipewa viti mara mbili, kwa nini bado liligoma?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Notisi zetu zinasema mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliwaongezea Tabaka la Tatu viti mara mbili kabla ya mkutano wa 1789. Ukurasa wa pili unasema tabaka hilohilo liligoma kwa kukosa uwakilishi. Mbona zinapingana? Na je, wakulima wa vijijini walipiga kura kweli, au ni wanasheria tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Notisi zako hazipingani. Zimeruka jambo moja tu, nalo ndilo kiini cha ugomvi wote: kura zingehesabiwaje?

Mkutano huo wa 1789, yaani Bunge la Matabaka, ulikuwa haujaitwa tangu 1614. Kwa utaratibu wa wakati ule, makasisi, makabaila na Tabaka la Tatu (yaani watu wengine wote, kuanzia mfanyabiashara tajiri hadi kibarua) walikaa kila kundi chumba chake, na kila kundi lilikuwa na kura moja. Makasisi na makabaila walikuwa na misamaha mingi ya kodi. Wakishikamana kuilinda, matokeo ni 2 kwa 1, hata kama Tabaka la Tatu lina wajumbe elfu kumi.

Septemba 1788 Mahakama Kuu ya Paris ilitamka kwamba Bunge likutane kama lilivyokutana 1614. Watu walichukia. Tarehe 27 Desemba baraza la mfalme likakubali Tabaka la Tatu lipate wajumbe wengi sawa na matabaka mengine mawili kwa pamoja, lakini kuhusu kura kuhesabiwa kwa tabaka au kwa kichwa (kila mjumbe kura yake), halikuamua. Kwa maoni yangu, ukimya huo uliiumiza serikali kuliko kosa jingine lolote la mwaka ule.

Sasa piga hesabu. Wajumbe walikuwa kama 1,200, na kama 600 kati yao ni wa Tabaka la Tatu. Kura zikihesabiwa kwa kichwa, wanahitaji wachache tu kutoka upande wa pili, na upande wa makasisi zaidi ya 200 walikuwa maparoko, watu wanaoishi na wanakijiji na kuijua njaa yao. Kura zikihesabiwa kwa tabaka, viti vya nyongeza ni pambo.

Ndiyo maana mgomo ulianzia kwenye jambo linaloonekana dogo: uhakiki wa hati za wajumbe. Bunge lilifunguliwa Versailles, penye kasri la mfalme, tarehe 5 Mei 1789, na kila tabaka likaambiwa likahakiki hati zake peke yake. Tabaka la Tatu likakataa, maana kukubali kuhakiki kando kungekuwa kukubali kupiga kura kando. Likakaa wiki tano bila kuanza kazi. Tarehe 12 Juni likaanza kuita majina ya wajumbe wa matabaka yote, wilaya baada ya wilaya. Makabaila kimya, makasisi kimya. Kesho yake, ilipofika zamu ya jimbo la Poitou, maparoko 3 waliingia ukumbini na hati zao mkononi, mmojawao Jacques Jallet. Ukumbi mzima ulilipuka kwa shangwe. Hapo ukuta ulipata ufa. Siku 4 baadaye, kwa kura 491 dhidi ya 89, wakajitangaza kuwa Bunge la Taifa. Tarehe 20 wakakuta ukumbi umefungwa, wakahamia uwanja wa tenisi uliokuwa jirani na kuapa kutotawanyika mpaka nchi ipate katiba.

Kuhusu wakulima: ndiyo, walipiga kura. Kanuni ya Januari 1789 ilimruhusu mwanamume wa kijijini mwenye miaka 25 aliye kwenye daftari la kodi. Walikutana, mara nyingi kanisani, wakaandika malalamiko yao na kuchagua wawakilishi. Kijiji chenye kaya zisizozidi 200 kilitoa wawili. Hao walikwenda kwenye mkutano wa wilaya, na huko ndiko mkulima alikoachwa. Wanaojua kusema mbele za watu na kuandika kwa lugha ya serikali walikuwa mawakili na maofisa, wakachaguliwa wao. Versailles wakulima walikuwa wa kuhesabika. Inauma zaidi kwamba Desemba mwaka huohuo Bunge hilohilo liliweka sharti la kulipa kodi ya moja kwa moja yenye thamani ya ujira wa siku 3, na wanaume wengi maskini wakakosa kura. Wanawake wa Ufaransa walisubiri hadi 1944.

Kwenye insha yako, weka tarehe 2 pamoja: 27 Desemba 1788, viti vilipoongezwa, na 27 Juni 1789, mfalme alipowaagiza makasisi na makabaila waliobaki wajiunge ukumbi mmoja. Kati yake ni miezi 6 kamili. Eleza kilichotokea humo, na swali lako la kwanza litakuwa limejibiwa.